Imechezewa

Neno lililomponza Duke Onchiri lilikuwa la Kiswahili, na Kiswahili alikuwa amekisoma tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, akapata alama ya kujivunia. Lakini lugha ya shuleni ni kama shamba la kukodi. Unalilima na unavuna vizuri tu, ila hujui mwenyewe alifukia mawe wapi.

Duke alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili karibu na Sironga, upande wa Nyamira. Alikuwa na mke, Kemuma, nyumba ya matofali yenye mabati ya rangi ya maruni, na ugonjwa mmoja usiotibika hospitalini: magari yenye mbio. Si kila gari. Alitaka Subaru ya tabo, ile yenye tundu la kuvutia hewa juu ya boneti, inayonguruma mlimani mpaka kuku wa watu wanakimbilia jikoni. Wanafunzi wake walimjua. Somo la mwendo na kasi likifika, mifano yote ilikuwa ya Subaru, na aliyetaka kupoteza nusu ya kipindi alihitaji kuuliza swali moja tu kuhusu magurudumu.

Subaru ya namna hiyo ilikuwepo mjini Kisii, katika yadi ya Mzee Shariff. Shariff alizaliwa Kisii na baba yake vilevile. Kwao wanaongea Kiswahili tangu kitandani hadi mezani, na Ekegusii, lugha ya wenyeji, anakiongea kama aliyenyonya nacho. Gari lake lilikuwa la buluu, karatasi zake safi, mwenyewe wa kwanza anajulikana mpaka mtaa anaokaa. Kasoro yake ilikuwa bei. Duke alikwenda kulitazama mara tatu, na kila akienda bei ilikuwa imekaa palepale ikimsubiri.

"Mwalimu, hili ukilichukua utalala usingizi," Shariff alimwambia.

"Mzee, hiyo bei yenyewe ndiyo itaninyima usingizi," Duke alijibu, wakacheka, akaenda zake.

Kumbe alikuwa ameshasikia habari za ng'ambo. Watu walimwambia kwamba ukivuka mpaka pale Sirare, upande wa Tanzania, Subaru kama ile unaipata kwa nusu ya bei. Sababu ni moja: huku kwetu gari likishapita miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini, na kule magari ya zamani yamejaa. Unaingia nalo kwa kibali cha muda, likabaki na namba zake za huko. Kibali kikiisha unarudi mpakani unakizungusha.

"Hivyo ndivyo watu wanafanya," alimweleza Kemuma.

"Watu gani?"

"Watu tu, Kemuma. Watu."

Kemuma hakuuliza tena. Alimjua mume wake: ukimvuta huku, yeye ndiyo anazidi kwenda kule.

Basi Jumamosi moja Duke akavuka. Muuzaji hakuwa na yadi. Alimwita nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, kando ya barabara, na hapo lilikuwepo gari, jeupe kama maziwa, rimu zake za dhahabu. Muuzaji alijiita Bosi. Jina lililokuwa kwenye kadi ya gari lilikuwa la mtu mwingine, na Bosi alisema hilo ni jambo la kawaida, mabadiliko yatafuata. Duke hakusikia vizuri. Alikuwa amechuchumaa akipapasa rimu.

Alitaka dunia imwone. Aliweka simu juu ya ukuta mfupi, akaiwasha ichukue video, akazunguka gari akilisifu kama bwana arusi anayemsifu bibi arusi. Alifungua milango. Alifungua buti akaonyesha nafasi yake. Kisha Bosi akaja wakasimama pamoja mbele ya boneti.

"Kaka, mimi sipendi kumficha mteja," Bosi alisema. "Gari hii imechezewa. Ndiyo maana unaona bei iko hivyo."

Moyo wa Duke uliruka kwa furaha. Kwa vijana wa magari wa Kisii na Nyamira, gari lililochezewa ni lile ambalo fundi amelifungua injini, akalikoroga tabo, akalibadilishia ekzosi, likatoka na nguvu kuliko lilivyoundwa. Watu hulipia kuchezewa huko. Huyu alikuwa anampa bure.

"Imechezewa!" Duke aliigeukia simu. "Mmesikia, watu wangu? Imechezewa, na hiyo ndiyo nilikuwa natafuta!"

Bosi alimtazama juu hadi chini. Halafu akacheka, akampa mkono.

"Kumbe wewe ni mwenzetu."

"Mwenzenu kabisa!" Duke akasema, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Mpakani kadi ilisomwa, kibali kikatoka. Migori aliipita akiimba. Alipofika Rongo alisimama akaiweka ile video kwenye stetasi yake ya WhatsApp, walimu wenzake waione kabla chai ya jioni haijapoa. Na kwa kuwa shetani wa majigambo hatosheki, alipoingia Kisii hakushika barabara ya Nyamira moja kwa moja. Alikata kona akaingia yadini kwa Shariff, akakanyaga mafuta mara mbili gari lingurume.

Shariff alitoka ofisini bila miwani, akiwa bado anafuta maji ya udhu mikononi. Alilizunguka gari polepole.

"Mashallah. Zuri. Umelipata wapi?"

"Sirare. Tena imechezewa, Mzee! Sikiza mwenyewe." Duke akafungua simu akampa.

Shariff hakuweza kuona kioo cha simu bila miwani, basi aliiweka simu sikioni akasikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Video ilipokwisha hakurudisha simu.

"Nirudishie pale alipoongea huyo mtu."

Duke akarudisha. Bosi akasema tena kwamba hapendi kumficha mteja.

"Mwalimu," Shariff akauliza taratibu, "hapa wewe ulielewa nini?"

"Kwamba injini imeongezwa nguvu."

"Injini iliyoongezwa nguvu bei yake hupanda. Huyu anakwambia imechezewa, ndiyo maana bei imeshuka. Fizikia gani hiyo?" Alimkazia macho. "Mtu akikwambia kitu kimechezewa na kwa hiyo anakupunguzia, maana yake kimeguswa na mikono mibaya. Kimebadilishwa kisijulikane. Mtu huyo hakukuficha, wallahi. Amekwambia wazi kwamba gari ni la wizi. Na wewe ukamjibu kwamba hilo ndilo ulilokuwa unatafuta."

Duke alicheka. Kicheko kilitoka peke yake, kifupi, halafu kikakosa mwenzake.

"Fungua boneti," Shariff akasema.

Walipofungua, Shariff aliagiza miwani, akainama pale kwenye bati la nyuma ya injini ambapo namba ya chesisi hupigwa. Hakuhitaji kutafuta. Kipande cha bati chenye namba kilikuwa kimekatwa na kuchomelewa kingine, na rangi yake ilikuwa nyeupe zaidi ya bati lililokizunguka. Alama za kuchomelea zilionekana pembeni, zimepigwa msasa kwa haraka. Shariff alirudisha mkono nyuma kana kwamba bati lina moto.

"Funga."

"Mzee..."

"Funga, mwalimu. Nakuheshimu, lakini gari hili lisionekane yadini kwangu." Kisha sauti ikalainika. "Sikiliza. Nenda polisi leo hii. Ukienda mwenyewe, wewe ni mjinga. Wakija wao, wewe ni mwizi. Ujinga hauna kifungo."

Duke aliitikia kwa kichwa. Alipanda gari akielekea kituo cha polisi, akakiona, akakipita. Alijiambia atapita kwanza nyumbani amwambie Kemuma. Hofu ilikuwa imeshashika usukani, na hofu haijui njia ya kwenda kituoni, inajua ya kwenda kujificha tu.

Njiani alikumbuka stetasi. Alisimamisha gari kando ya shamba la chai, vidole vikakosea namba yake ya siri mara ya kwanza. Ilikuwa imetazamwa na watu wengi: walimu, wazazi wa wanafunzi, mshenga wake wa arusi, mchungaji. Chini yake walikuwa wamemwandikia hongera. Akaifuta. Video yenyewe ikabaki ndani ya simu.

Kwake alilipeleka gari nyuma ya nyumba, mpaka kwenye migomba, akalifunika na turubai la kuanikia mahindi. Kemuma alimkuta akiweka mawe juu ya pembe za turubai.

"Gari ya furaha inafunikwa hivyo?" akauliza.

Akamweleza yote. Akamwonyesha na video, maana kusema peke yake kulimshinda. Kemuma aliitazama akiwa ameshika mdomo, macho yake yakifuata mume wake tu, jinsi alivyokuwa anarukaruka. Pale aliposema hiyo ndiyo nilikuwa natafuta, Kemuma alicheka mpaka akainama. Alipoinuka hakuwa anacheka.

"Duke, twende polisi."

"Na hii? Wakichukua simu waone hii? Nimeambiwa imechezewa, nikakubali, nikapeana mkono, nikaitwa mwenzetu. Hakimu gani ataamini mwalimu mzima hakujua Kiswahili? Nitafungwa, Kemuma. Na nikishtakiwa tu, hata kabla sijafungwa, kazi imeenda."

"Kwa hivyo utafanya nini?"

"Nampigia simu. Anirudishie pesa yangu, mimi nimrudishie gari yake."

Alipiga. Namba ya Bosi haikupatikana. Hata asubuhi yake haikupatikana, na kesho yake tena, hadi sauti ya yule mwanamke wa kwenye simu anayesema haipatikani ikawa inamsumbua hata akiwa anaoga.

Wiki iliyofuata Duke aliishi kama mtu aliyemeza kitu kikamkwama. Alienda shuleni kwa miguu. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na lango lake, alisimama nyuma ya pazia. Mgeni mmoja aliuliza njia ya kwenda kwa chifu, Duke akamwelekeza njia ya mbali ili aondoke upesi. Kwenye chumba cha walimu mtu mmoja alikuwa akisimulia habari za mwanafunzi aliyekuwa akiiba kalamu za wenzake, akamalizia kwamba siku za mwizi ni arobaini. Kikombe kikamtoka Duke mkononi.

"Mwalimu, pole," wenzake walisema. "Gari mpya inakuchosha nini? Mbona hujatuletea tuione?"

"Iko kwa fundi."

Wala polisi si wao waliomtisha zaidi. Polisi wangemtia pingu, wangemweka rumande, wangempeleka kortini, na kortini mtu huongea. Alichoogopa hasa ni watu. Mara moja, akiwa kijana, alikuta soko la Ogembo limejaa moshi, watu wamesimama duara, na katikati yao kitu ambacho alikitazama kwa muda ndipo akaelewa kwamba kilikuwa na miguu. Aliuliza kulikuwa na nini. Mama mmoja aliyekuwa anapanga ndizi zake alimjibu bila kuinua kichwa kwamba alikuwa mwizi. Neno moja tu, na likatosha. Sasa Duke alilala akilifikiria neno hilo moja. Nani angempa nafasi ya kueleza maana ya neno lingine?

Jumatano, akiwa darasani kidato cha tatu, aliona gari la polisi likiingia langoni.

Chaki ilisimama ubaoni. Alimwona mkuu wa shule akitoka kuwalaki, wakapeana mikono, wakaelekea upande wa madarasa. Wawili, mmoja wao ameshika faili. Aliwaambia wanafunzi wasome ukurasa wowote, ndiyo, wowote, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaingia choo cha walimu, akafunga komeo.

Humo ndani hakufikiria. Aliifuta ile video. Akafuta na pale zinapokaa picha zilizofutwa. Bado hakuamini, maana alikuwa amesikia kwamba polisi wana mashine zao, basi akairudisha simu jinsi ilivyotoka kiwandani, kila kitu kikaondoka: picha za arusi, namba za watu, sauti ya marehemu mama yake akimwimbia heri ya siku ya kuzaliwa. Halafu akakumbuka kikadi cha kumbukumbu. Akakitoa, akakivunja kwa meno, akakitupa shimoni. Kioo cha simu kilipowaka kikimkaribisha na kumuuliza anataka lugha gani, Duke alikuwa amelowa jasho hadi kwenye soksi.

Polisi walikuwa wamekuja kuwazungumzia wanafunzi habari za bangi. Walizungumza, wakapigiwa makofi, wakanywa soda, wakaenda.

Siku hiyo Duke alikula ugali wote. Ushahidi ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni gari, na gari angelipeleka msituni, angelikata vipande, angejua la kufanya. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile alilala hadi jogoo wa pili. Kemuma alimtazama alivyokoroma, akavuta blanketi upande wake.

Mwanamke alikuja Jumapili, baada ya kanisa.

Alishuka kwenye boda, akamlipa dereva, akasimama nje ya lango bila kubisha. Duke alimwona kutoka dirishani. Alikuwa amevaa sketi ndefu nyeusi na sweta, mkoba ameukumbatia kifuani. Duke alitafuta wanaume nyuma yake na hakuona mtu. Alitafuta gari la polisi na hakuliona.

"Usifungue," alimnong'oneza Kemuma.

Kemuma alishatoka. "Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Natafuta mwalimu Onchiri. Naitwa Phanice. Nimetoka Nyacheki." Akaongeza haraka, "Niko peke yangu. Sijakuja na mtu."

Duke akatoka. Alikuwa ametayarisha uongo wake, kwamba gari amelirudisha, lakini mwanamke hakumpa nafasi ya kuutumia.

"Mwalimu, Marion ni jirani yetu. Mnafundisha naye. Jumamosi ile alinionyesha stetasi yako. Aliniita kwa furaha tu, akaniambia, ona mwalimu wetu amenunua gari kama ya Ondieki." Akaukaza mkoba kifuani. "Ondieki ni bwanangu."

Duke alitupia jicho upande wa migomba.

"Naomba nione buti," Phanice akasema.

Duke alitaka kukataa. Mdomo ulifunguka kukataa, lakini Kemuma alikuwa ameshatangulia kwenye migomba, anaondoa mawe juu ya turubai, jiwe moja moja, bila kumtazama mume wake. Buti lilipofunguliwa Phanice aliinama. Kwenye zulia la buti kulikuwa na alama ya duara, nyeusi, pana kama mdomo wa ndoo, ambayo Duke alikuwa ameiona na kuidharau.

"Hii ni sufuria yangu," Phanice akasema. Alipitisha kidole ukingoni mwa lile duara, polepole, mpaka kikarudi kilipoanzia. "Tulikuwa tunapeleka chakula kwa matanga ya shangazi yake. Nikaiweka kama bado iko moto. Alinigombanisha mpaka Ogembo. Aliipenda hii gari kuliko... hata sijui. Kila Jumapili anaiosha."

"Mama, mimi sikuiba," Duke akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Naapa. Niliuziwa. Mimi sikuelewa neno tu, mtu aliniambia..."

"Najua hukuiba. Niliona ukiruka kama mtoto." Alifunga buti taratibu. "Mwalimu, sitaki gari. Kaa nayo, choma, sijali. Bwanangu alitoka nayo asubuhi akisema anapeleka mteja Migori. Hajarudi. Ni mwezi wa nne sasa. Sijui kama ako hai. Wakwe zangu hawajui kama tuweke matanga ama tungojee, na kila mmoja anangojea mwingine aseme kwanza. Watoto wananiuliza, nawaambia ako kazi."

Kemuma alimshika mkono. Duke alisimama palepale, na aibu ilianza kupanda ikisukumana na hofu, maana moyo una mlango mmoja tu na zote mbili zilitaka kuingia.

"Kwenye ile video yako," Phanice akaendelea, "kuna mtu alikuja kukupa mkono. Mimi macho yangu yote yalikuwa kwa buti. Nilipoona hii duara nilipiga kelele, sikuona kitu kingine, na Marion naye alikuwa anatazama gari tu. Nikamwambia Marion arudishe, nione huyo mtu vizuri, pengine ndiye huyo mteja. Akirudisha, ikaandika kwamba imefutwa. Hapo hapo. Kama mtu amezima taa."

Duke alikumbuka shamba la chai, na vidole vyake.

"Nilitaka kwenda polisi. Halafu nikasema hapana. Nikienda na polisi huyu mwalimu ataogopa, na mtu akiogopa anaharibu vitu. Wacha niende mimi mwenyewe, mwanamke peke yake, hataogopa. Nikatafuta nauli. Marion naye aliniambia hawezi kunipa namba yako bila kukuuliza, na nikamkataza asikuulize usishtuke. Ndiyo maana nimechelewa." Alijaribu kutabasamu. "Stetasi inafutika, lakini video inabaki kwa simu ya mwenyewe. Sivyo? Naomba tu unionyeshe huyo mtu. Hata sura tu. Nitaipeleka mimi. Sitataja jina lako."

Kemuma aligeuka akamtazama mume wake. Alikuwa hajui habari za Jumatano. Aliona uso wa Duke tu, na akajua.

"Duke," akasema. "Iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Yote?"

"Yote."

Phanice hakulia. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehesabu kitu kimoyomoyo, kisha akakaa kwenye ukingo wa simenti pale nyuma ya jikoni, mkoba bado ameukumbatia. Kemuma akaenda kumletea maji.

"Ako na namba?" Phanice akauliza.

"Haipatikani. Na jina ni la kujiita. Kadi ni ya mtu mwingine." Duke alichuchumaa mbele yake. Sasa alitaka kusaidia, alitaka mno, angetoa hata kazi yake. Kitu kilichomkaba wiki nzima kilikuwa kimeachia koo na kuacha nafasi baridi ambayo hakuijua. "Twende polisi. Twende sasa hivi, mama. Nitasema kila kitu. Wanifunge."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba nilimwona. Nilisimama naye kutoka asubuhi mpaka mchana."

"Basi niambie mimi kwanza," Phanice akasema. "Alikuwa mrefu?"

Duke alifikiria. "Alikuwa... wa kadiri."

"Mnene? Mweusi? Mzee?"

Duke alifungua mdomo. Alikumbuka mashine ya kusaga, na vumbi jeupe la unga juu ya boneti, jinsi alivyolifuta na kiganja. Alikumbuka mlio wa ekzosi ulivyopanda na kushuka. Alikumbuka kiti cha dereva kilichochakaa upande wa mlangoni, usukani wenye ngozi iliyong'aa mahali mikono ya mtu ilipozoea kushika. Mkono wa Bosi aliukumbuka, ulikuwa na joto. Juu ya ule mkono hapakuwa na kitu.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kidogo, itakuja."

"Usiogope," Phanice akamwambia, kwa upole uliomuumiza kuliko tusi. "Ukijaribu sura peke yake haiji. Anza na viatu. Viatu, halafu suruali, upande pole pole. Ukianza chini utafika usoni."

Kemuma alikuwa amerudi na kikombe cha maji, amesimama nacho. Duke alifumba macho. Akashuka hadi chini kabisa, pale nyuma ya mashine ya kusaga, kwenye udongo mwekundu, akatafuta viatu vya yule mtu. Akaona magurudumu, yote manne.